Gaidi za valvu kwenye hedi ya lori la dizeli: chuma, chuma cha unga au shaba?

Hedi ya lori (kifuniko cha juu ya silinda kinachobeba valvu) ikishafunguliwa na gaidi zikaonekana zimekwisha, swali la kwanza huwa "niweke chuma au shaba?" Fundi asilijibu kabla hajashika shina la valvu mkononi. Gaidi ni kile kibomba kinachoshikilia shina la valvu lipande na kushuka bila kuyumba. Viwili hivi husuguana muda wote injini inapozunguka, tena kwa mafuta kidogo sana. Metali inayopatana na shina moja inaweza kulikwangua jingine mpaka likwame. Kwa hiyo anza na valvu, kisha joto la injini, ndipo uje kwenye gaidi.

Maelezo haya ni ya hedi za chuma za malori ya dizeli, zile zenye mashina ya milimita 8 hadi 11 kama unavyoyakuta kwenye Fuso, Isuzu, Scania na Howo. Vipimo vya kitabu cha injini yako ndivyo vinavyotawala. Namba zilizo hapa ni za kukusaidia kuelewa kitabu kinasema nini, na kukuokoa pale kisipopatikana.

Pima, halafu soma namna ilivyolika

Safisha mashina na matundu mpaka masizi yaliyoganda yatoke yote. Kipimo kilichochukuliwa juu ya masizi hakina faida. Pima shina kwa maikromita sehemu mbili: ile isiyofika ndani ya gaidi, na ile inayotembea ndani yake. Tofauti ikifika 0.025 mm, valvu hiyo itoke. Tundu la gaidi pima kwa geji ya matundu madogo, juu, kati na chini, na kila kimo mara mbili: kufuata upande wa roka (mkono unaosukuma valvu), na kuukatisha. Gaidi nyingi hulika miishoni zikapanuka kama tarumbeta huku katikati pakiwa bado pazima, na anayepima katikati peke yake ataambiwa na geji kwamba hakuna tatizo.

Kuna wanaoinua valvu milimita kumi, kuitikisa kwa kidole na kusoma geji ya saa kwenye kichwa cha valvu. Ni njia nzuri ya kulinganisha gaidi moja na nyingine, ila namba inayosomeka si nafasi yenyewe kati ya shina na gaidi. Kichwa kiko mbali na gaidi, kwa hiyo huyumba zaidi ya shina.

Sasa soma ulichopima. Tundu likiwa yai kuelekea upande wa roka, tazama ncha ya roka na shafti yake. Kwenye injini za valvu nne kwa silinda, tazama daraja linalosukuma valvu mbili kwa pamoja, kwani daraja lililorekebishwa vibaya husukuma shina kwa ubavu. Gaidi za inteki (valvu za kuingiza hewa) zikiwa zimelika kuliko za ekzosi (valvu za kutoa moshi), shuku vumbi: fuata mpira kutoka kisafisha hewa hadi kwenye tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi), kaza klempu, tafuta ufa. Gaidi za ekzosi zikiwa zimelika chini na kujaa masizi magumu, sababu ni joto na mgandamizo wa moshi. Lori linaloshuka mlima Kitonga likiwa limeshikilia ekzosi breki hufunga moshi ndani ya manifoldi, na moshi huo moto hupanda kupitia kwenye gaidi ukibeba masizi. Sababu isipoondolewa, hata gaidi ghali kuliko zote italika vilevile.

Vitabu vingi vya malori huweka ukomo wa nafasi karibu na 0.15 mm kwa inteki na 0.20 mm kwa ekzosi. Ikifika hapo usiikwangue ndani kwa kifaa cha kuchora michirizi ili ibane tena. Michirizi ile hugusa shina kwa vilele vyembamba tu, na vilele hulika upesi.

Shina ni la namna gani?

Chukua sumaku. Ikishika shina vizuri, hicho ni chuma cha pua kinachoweza kukomazwa, na ndicho cha kawaida kwa inteki. Isiposhika kabisa, shina ni la pua isiyoshika kutu, aina inayovumilia joto la ekzosi. Valvu nyingi za ekzosi zimeungwa vipande viwili: kichwa hakishiki sumaku, shina linashika. Pitisha sumaku polepole utaona mahali pa kiungo.

Kisha angalia uso. Shina linalong'aa kama kioo lina kromu. Lenye rangi ya kijivu iliyofifia, bila mng'ao, mara nyingi limekomazwa kwa naitrojeni. Lenye weupe wa kawaida wa pua iliyosagwa halina kinga yoyote. Tofauti hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Pua isiyoshika kutu, isiyo na kromu, ikisugua chuma cha kusubu kwenye joto, huchanika na kushikana nacho. Ikiwa na kromu, viwili hivyo huishi pamoja miaka mingi.

Kromu ya shina ni utando mwembamba sana. Ukiona mkanda wa rangi tofauti pale shina linapoishia ndani ya gaidi, kromu imekwisha hapo, na hakuna gaidi itakayoiokoa valvu hiyo. Usiipeleke kung'arishwa kwa msasa. Utaondoa hata ile iliyobaki.

Chuma cha kusubu

Kwa lori la kawaida hili ndilo chaguo letu la kwanza, na hatuoni haya kulisema mbele ya wauzaji wa shaba. Chuma cha kusubu kina chembe za grafiti ndani yake, na grafiti hulainisha msuguano pale mafuta yanapokuwa haba. Hutanuka sawasawa na hedi ya chuma, kwa hiyo hakilegei wala kujibana injini inapopata moto na kupoa. Hukubali rima (kifaa cha kupanulia tundu hadi kipimo) ya kawaida, na bei yake ni ya chini. Aina yenye fosforasi kidogo ni ngumu zaidi na hudumu zaidi kwenye injini nzito. Ukipata gaidi za mtengenezaji wa injini, mara nyingi zitakuwa za aina hiyo au za chuma cha unga.

Udhaifu wake ni huo wa shina lisilo na kromu. Pia hakipendi kunyimwa mafuta kabisa. Hedi ya zamani ambayo haikuwa na sili (vizuizi vya mafuta kwenye shina) kwenye valvu za ekzosi ilitegemea mafuta kidogo yateremke. Fundi akiifunga sili za kisasa zinazobana sana ili kuondoa moshi wa buluu, gaidi hukauka na kulika ndani ya muda mfupi. Moshi wa buluu wa kwenye ekzosi huondolewa kwa nafasi sahihi kati ya shina na gaidi, wala si kwa kuziba mafuta yote.

Chuma cha unga

Hiki hutengenezwa kwa kubana unga wa chuma uliochanganywa na shaba, grafiti na vilainishi vingine, kisha kuuoka mpaka ushikane. Ndani hubaki vitundu vidogo vinavyotunza mafuta. Injini nyingi mpya zimetoka kiwandani nacho kwa sababu kinavumilia mafuta machache na sili zinazobana. Ipashe moto kidogo gaidi mpya ya aina hii na mara nyingi utaona inatoka jasho la mafuta. Kwa sababu hiyo usiioshe kwa petroli na kuiacha ikauke juani. Futa, paka oili ya injini, funga.

Tatizo lake ni kwenye kukata. Ni kigumu kwa rima na hula makali. Rima ya kawaida itakwaruza gaidi ya tatu au ya nne, na matundu yatatofautiana. Tumia rima ya kabaidi (metali ngumu sana ya kukatia), au nunua gaidi zilizokwisha kukamilishwa kipimo na uzipachike kwa uangalifu. Kama karakana haina kabaidi na gaidi hazijakamilishwa, chagua chuma cha kusubu. Gaidi bora iliyokatwa vibaya ni mbaya kuliko ya kawaida iliyokatwa vizuri.

Shaba, na zile zinazoitwa shaba

Mtaani kila metali ya njano ni shaba, na hapo ndipo hasara huanzia. Kuna angalau nne tofauti.

Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Ni laini, inakerezwa kwa raha, na ndiyo inayojaa kwenye rafu za wachonga vyuma. Haifai kabisa kuwa gaidi ya ekzosi, na hatuipendekezi hata kwenye inteki.

Bronzi ya bushi, ile ya namba SAE 660, ina risasi takriban asilimia 7. Ni nzuri sana kwa bushi za springi na za shafti zinazozunguka polepole. Lakini risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na shina la ekzosi la lori lenye mzigo huwa moto sana kwa upande wa kichwa. Gaidi hulainika, hupanuka mdomo, na chembe zake huganda kwenye shina.

Bronzi ya fosforasi, yenye wekundu kidogo, ni ngumu kuliko hizo mbili. Huteleza vizuri na hufaa kwa inteki, na kwa vibomba vyembamba vya kufufulia gaidi, ambavyo tutavieleza.

Bronzi ya alumini, kwa mfano ile ya namba CA104, ndiyo ya kuombwa pale ekzosi yenye joto kali inapohitaji shaba. Hushika nguvu yake kwenye joto kuliko bronzi nyingine zilizotajwa.

Rangi haitakusaidia kutenga brasi na bronzi ya alumini, kwani zote mbili hung'aa kama dhahabu. Tupa itakusaidia: brasi huliwa kirahisi, bronzi ya alumini huteleza chini ya tupa na kukataa. Kwenye mashine ya kukereza, brasi hutoa chenga fupi zinazorukaruka kama sindano, wakati bronzi ya alumini hutaka kisu kikali na mwendo wenye subira. Sumaku pia inaweza kushika kidogo bronzi ya alumini yenye chuma ndani yake. Dawa ya uhakika ni kudai fimbo yenye namba ya mchanganyiko. Muuzaji asipoweza kuitaja namba, usitengenezee gaidi ya ekzosi.

Basi shaba iwekwe lini? Weka bronzi nzuri pale ambapo valvu unazoweza kupata zina mashina ya pua isiyoshika kutu bila kromu. Iweke pia kwenye injini iliyogeuzwa kutumia gesi asilia, kwa sababu gesi haitoi masizi yanayosaidia kulainisha shina. Nje ya hapo, kuondoa gaidi za chuma zilizotoka na injini na kuweka shaba kwa sababu "shaba ni bora" ni kununua tatizo jipya.

Tatizo lenyewe ni hili. Bronzi hutanuka takriban sehemu 17 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, chuma cha kusubu takriban 11. Chukua gaidi yenye kipenyo cha nje cha 16 mm. Joto likipanda nyuzi 200, bronzi hutaka kukua 0.054 mm, na tundu la hedi hukua 0.035 mm. Ile 0.019 mm inayobaki haina pa kwenda: gaidi hujibana ndani ya hedi, na tundu la shina halifunguki kama lingefunguka likiwa huru. Injini ikichemsha mara moja tu, bronzi inaweza kufinyangwa kabisa, na ikipoa ikawa ndogo kuliko tundu lake. Hapo ndipo gaidi huanza kupanda na kushuka na valvu. Gari lenye radieta mbovu lisipewe gaidi za shaba kabla radieta haijatengenezwa.

Hedi isiyo na gaidi za kutoa

Cummins 6BT ya lita 5.9 yenye valvu 12, inayojulikana kwenye malori ya Tata na Dongfeng, haina gaidi za kupachika. Shina la milimita 8 hivi hutembea moja kwa moja kwenye tundu lililotobolewa katika chuma cha hedi. Tundu likilika, hupanuliwa na kuwekewa kibomba chembamba cha bronzi ya fosforasi, chenye ukuta usiofika milimita moja, au likatobolewa zaidi na kupachikwa gaidi nzima.

Kibomba chembamba ndicho tunachokipenda zaidi hapa. Chuma kingi cha hedi hubaki, joto linapata njia fupi ya kufika kwenye maji, na ukuta mwembamba hauna wingi wa shaba wa kusumbua kwa kutanuka. Masharti ni mawili. Kwanza, kutoboa kufuate mhimili wa siti (mahali kichwa cha valvu kinapokalia na kufunga), kwa mashine iliyofungwa imara. Dreli ya mkono itafuata tundu lililolika na kupinda nalo. Pili, baada ya kusukumwa ndani, kibomba lazima kitanuliwe kwa kifaa chake mpaka mgongo wake ulale barabara kwenye chuma. Kikiachwa na hewa nyuma, joto halipiti na kibomba hulegea. Ukitoboa kwa ajili ya gaidi nzima, peleka hedi ipimwe kwa mgandamizo wa maji, maana njia za maji ziko karibu.

Nafasi ya shina

Kwa shina la milimita 9 kwenye chuma cha kusubu, 0.03 hadi 0.06 mm kwa inteki na 0.05 hadi 0.09 mm kwa ekzosi ni kiasi cha kufanyia kazi. Ekzosi hupewa zaidi kwa sababu inayohesabika. Shina la pua isiyoshika kutu hutanuka takriban sehemu 18 kwa milioni kwa kila nyuzi. Upande wake wa chini ukipanda nyuzi 300, shina la 9 mm hunenepa 0.049 mm. Gaidi ya chuma ikipanda nyuzi 200, tundu lake hufunguka 0.020 mm tu. Karibu 0.03 mm imemezwa. Aliyeacha 0.03 mm akiwa mezani hana kitu tena injini ikiwa njiani: valvu hukwama ikiwa wazi, na pistoni huja kuigonga.

Utasikia kwamba shaba inaruhusu kubana zaidi. Kwenye inteki ni kweli, unaweza kukaa kwenye kipimo cha chini cha kitabu. Kwenye ekzosi ya dizeli inayobeba mzigo, kaa katikati ya kipimo cha kitabu au juu kidogo, hata kwa shaba.

Watengenezaji wengi hutumia tundu moja kwa gaidi zote na kupunguza shina la ekzosi. Inteki ikiwa 8.96 mm na ekzosi 8.94 mm, rima moja ya 9.01 mm inakupa 0.05 na 0.07 mm. Kwa hiyo pima mashina mapya yote kabla ya kununua rima. Yakitoka pakiti tofauti, namba hutofautiana.

Kutoa na kupachika

Nunua gaidi mbili za ziada. Injini ya silinda sita yenye valvu mbili kwa kila silinda inataka 12, nunua 14. Yenye valvu nne inataka 24, nunua 26. Moja itaharibika kwenye rima, na ukiagiza moja peke yake utaletewa ya aina nyingine.

Kabla ya kutoa hata moja, pima kila gaidi imesimama juu ya hedi kwa kiasi gani, uandike. Angalia kama ina bega, ujue inatoka upande gani. Tumia fimbo yenye ngazi inayoingia ndani ya tundu la gaidi, na presi ikiwezekana. Gaidi iliyogoma ipunguzwe ukuta kwa kutobolewa ndani kwanza, isije ikakwaruza hedi. Ikitoka, pima tundu la hedi na gaidi mpya. Mkazo wa kipenyo, yaani kiasi ambacho gaidi inazidi tundu, uwe 0.025 hadi 0.05 mm. Tundu likiwa limepanuka, tafuta gaidi yenye kipenyo cha nje kilichozidishwa. Gundi na alama za sentapanchi kuzunguka tundu hazibebi joto, na gaidi itatoka.

Laza gaidi kwenye friza usiku kucha na upashe hedi yote joto kwa usawa hadi nyuzi 100. Kwa gaidi ya 16 mm hiyo hukuondolea takriban 0.02 mm ya mkazo, karibu nusu, na gaidi huingia bila kukwangua. Paka oili, isimamishe wima, isukume kwa mwendo mmoja hadi kimo ulichoandika. Gaidi iliyosimama juu kupita kiasi hugongwa na kofia ya springi. Valvu ikiwa imefunguka mwisho kabisa, pabaki angalau 1.5 mm kati ya kofia na gaidi au sili yake.

Tundu hujibana kidogo baada ya kupachikwa, kwa hiyo rima huja baadaye, hedi ikiwa imepoa kabisa. Chuma cha kusubu hukatwa kikavu, ukipuliza chenga mara kwa mara. Bronzi hutaka mafuta ya kukatia na rima yenye makali mapya, la sivyo hujifunga nyuma ya rima na kuikamata. Zungusha upande mmoja tu, hata wakati wa kuitoa. Kisha osha kila tundu kwa brashi ya nailoni, sabuni na maji ya moto, kausha kwa hewa na upake oili. Gaidi za chuma cha unga hazihitaji sabuni: pitisha kitambaa chenye oili mpaka kitoke safi.

Siti hukatwa baada ya gaidi, kamwe si kabla, kwa sababu kifaa cha kukatia siti hujiongoza kwa tundu la gaidi. Gaidi mpya bila siti kukatwa upya ni valvu isiyofunga. Ukimalizia kwa pesti ya kusagia valvu, paka kidogo kwenye uso wa siti pekee. Tone likiteremka ndani ya gaidi ya bronzi, chembe zake hujizika kwenye shaba laini na kugeuka msasa unaokata shina kila siku, na sabuni haizitoi.

Kabla ya springi, ingiza kila valvu ikiwa na oili na uiachie. Iteremke taratibu kwa uzito wake na izunguke bila kugusa mahali. Inayosita upande mmoja ina shina lililopinda au tundu lililopinda. Ibadilishe na jirani yake ujue ni lipi. Injini ikishawashwa, iache ipate moto bila mzigo kwa dakika 15 hadi 20, izime, ipoe, kisha pima upya nafasi za roka. Nafasi iliyoongezeka sana kwenye valvu moja ni dalili ya valvu isiyorudi vizuri kwenye gaidi yake. Ifungue hiyo kabla lori halijapakia.